Uzi wa Kofia ya Mkwe

Jumatatu, 2 Oktoba 1978

Leo nimechoma nyuzi tano za dukani. Naweka ncha kwenye kaa la moto, nanusa. Pamba inanuka karatasi na inaacha jivu. Sufu inanuka nywele. Nailoni inajikunja na kubaki tone jeusi gumu. Katika tano, pamba ilikuwa moja tu, na ilikuwa imeoza. Nimeivuta kidogo ikakatikia mkononi. Duka lile zamani lilikuwa la Mgiriki, na Mgiriki alijua uzi. Alipofukuzwa duka likapewa mtu wa chama, na huyu hajui kutofautisha uzi na kamba ya mbuzi. Ananiambia, "Mama, uzi ni uzi."

Nimerudi mikono mitupu.

Harusi ya binti yangu Hadija ni Ijumaa, tarehe 17 Novemba, baada ya Idi Kubwa. Hapa kwetu mama wa bibi harusi ndiye anayefuma kofia ya nikahi ya mkwe wake. Haiazimwi, hainunuliwi. Na mimi fundi, mtaa wote wa Kasuku unanijua. Lakini miaka mitatu sasa sijafuma kofia ya mwanaume. Nafuma boneti za watoto wachanga tu. Watu wanadhani ni huzuni. Ni woga. Mtoto mchanga hasimamishwi mbele ya bendera.

Jumatano, 4 Oktoba

Amuri, mchumba wa Hadija, amekuja kupimwa. Napima kama mama yangu alivyonifundisha: uzi unazunguka kichwa, ncha mbili zinakutana, nafunga fundo, natundika kwenye msumari pembeni ya mlango. Kila mteja ana uzi wake. Wengine wamekufa na vipimo vyao bado vinaning'inia.

Kipimo cha Baba Hadija kiko mwisho, kimekuwa cha kahawia kwa moshi. Vingine navipangusa. Chake sikigusi.

Huyu Amuri kijana mpole. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila asubuhi anapanga watoto mbele ya bendera, wanaimba, kichwa wazi. Nikamuuliza anavuaje kofia yake. Akacheka.

"Na mukono, Mama."

Nikamuuliza mmoja au miwili. Hapo akaacha kucheka.

Ijumaa, 6 Oktoba

Niandike mara moja, yaishe.

Miaka mitatu iliyopita, wiki ya Idi. Nilikuwa na madonge mawili ya pamba nzuri, yamekuja na treni kutoka Kalemie. Nikamfumia mume wangu kofia. Donge la kwanza likaniishia karibu na ukingo, nikaunga la pili. Weupe haukulingana: wa kwanza weupe wa chumvi, wa pili weupe wa wali. Ukaonekana mstari. Akasema ni mzuri. Nikamaliza asubuhi, akaivaa hapo hapo, akaenda kazini kwake kwenye reli. Njiani mvua ikamnyeshea.

Kwenye bendera wote walivua kofia. Yake ilibaki kichwani. Omari, mwenzake wa kazi, alikuwa amesimama nyuma yake, ndiye aliyekuja kunieleza. Alimwona ameshika kofia kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka, na kofia haitoki. Watu wawili wa chama wakamchukua kwa swali moja.

Swali moja. Miaka mitatu. Nilikokwenda kuuliza kote walinijibu hawamjui mtu huyo.

Pamba isiyochemshwa inajikaza ikipata maji ya kwanza. Mtoto wa fundi anajua hilo. Chemsha uzi, kausha, ndipo ufume. Nimewafundisha wanawake wangapi! Je, donge lile la pili nililichemsha? Nakumbuka sufuria. Nakumbuka maji. Donge lenyewe ndani ya maji silioni. Nilikuwa na haraka ya Idi.

Sikumbuki. Wallahi sikumbuki.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimejaribu sufu. Jirani amenipa sweta kuukuu la rangi ya maziwa, nimelifumua lote. Sufu haishiki kichwa sana, nilijiambia, inajiachia. Kweli imejiachia. Nilipoitia maji na kuivalisha kibuyu ilishuka mpaka chini. Hadija akaiinua kwa vidole viwili. Akasema, "Na hii Amuri atahitaji mutu wa kumushika mukono mpaka musikitini."

Tulicheka. Siku nyingi hatukuwa tumecheka hivyo. Kisha nikafumua.

Jumamosi, 14 Oktoba

Leo salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Tumefagia upande wa soko tangu saa moja. Nimeiona kofia.

Mtu ameinama juu ya vidumu vya mawese, amenipa mgongo. Kofia nyeupe imechakaa. Karibu na ukingo, mstari wa weupe wa wali.

Nilitupa ufagio. Nilipovuka kufika pale hakuna mtu, vidumu tu na mwanamke mwingine anavilinda. Nikashindwa kumuuliza. Ningeuliza nini? Nimeona kofia?

Hadija nilimwambia. Akasema taratibu, "Mama, unamuona Baba fasi yote." Ni kweli. Mwaka jana nilimwona katika mtumbwi katikati ya mto, nikapiga kelele ufukweni mbele za watu. Alikuwa mvuvi mmoja Mugenia, hana meno.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua mchana. Kila ikinyesha kichwa kinanibana, pande zote, pale pale kofia inapokaa. Nafungua kitambaa, bado kinabana.

Sikufuma.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimepata! Nailoni ya nyavu. Wavuvi wanayo ya kutosha. Nimeichemsha, nimeiacha kwenye mvua, nimeianika juani. Haikupungua hata unywele. Na inateleza. Ukiigusa tu kofia inatoka.

Najua nailoni si uzi wa kofia ya nikahi. Inameta, ina joto, ndoano ya kroshe inalia ndani yake. Kama mwanafunzi wangu angeniletea kofia kama hii ningemrudishia. Lakini inatoka. Nafuma upesi, vidole vimechubuka. Nina furaha.

Jumapili, 22 Oktoba

Mama Amuri amekuja na dada zake kuiona kofia. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Akaigeuza. Akaitazama juani, jua likapita.

"Dada," akasema, "mutoto wangu si samaki."

Dada zake wakaangua kicheko. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mwenzangu. Amuri, kwa adabu, akaivaa. Alipoivua paji la uso lilikuwa na alama za matundu na jasho linamtiririka. Akasema si mbaya. Masikini.

Wakati wa kuaga mama yake hakutania tena. Alinivuta pembeni. Alisema fundi wa Kasuku nzima akimfumia mkwewe wavu, watu wanasoma: huyu mama hamtaki mwanangu. Kama simtaki niseme sasa. Kofia ya haki siku ya nikahi, au mwanawe atapelekwa nyumba nyingine.

Hadija alisikia. Yuko jikoni, hasemi nami. Anapenda kijana wa watu na mimi namfukuzia. Aibu yangu haina pa kukaa.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimempiga mtoto wangu. Ana miaka ishirini na miwili.

Alipanda kiti akashusha kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati. Ndani yake kuna donge la pili, lililobaki. Weupe wa wali. Alilishika akasema, "Mama, si huu uzi huu hapa? Pamba muzuri namna hii, na wewe unatembea kwa wavuvi?" Nikampiga mkono. Donge likabingirika mpaka mlangoni, chini ya vipimo.

Ndipo nikamweleza yote. Sufuria, maji, haraka yangu. Omari na mikono miwili. Miaka mitatu nimebeba peke yangu.

Alikaa kwenye kiti kile. Kisha akauliza kama anayeuliza njia: "Basi ni kofia njo ilimupeleka Baba?"

Nilisema ndiyo. Hakunigusa wala hakunilaumu. Akaliokota donge, akalipangusa vumbi, akalirudisha ndani ya kopo.

Alhamisi, 2 Novemba

Naogopa kwenda soko. Nikienda sitazami nyuso, natazama vichwa. Kofia za kushona kwa sindano, kofia za Dar es Salaam, kofia zangu za zamani. Nazijua zote, huyu nilimfumia kwa tohara, yule kwa safari. Nazihesabu wanaporudi kutoka msikitini. Moja inakosekana.

Leo mtu alisimama nje ya ua wetu, nyuma ya majani. Nilisikia pumzi yake. Nilipotoka hakuna kitu. Udongo ulikuwa umekanyagwa.

Hadija ameona alama za miguu. Kwa hiyo sina wazimu. Sijui kama hilo ni afadhali.

Jumatano, 8 Novemba

Siku tisa zimebaki na sina uzi. Nimemtuma mtu mpaka mji wa Kailo, amerudi na uzi mweusi wa kushonea magunia. Hadija ameanza kukunja nguo zake, anazitoa tena, anazikunja. Mama Amuri amepita njia bila kunisalimu. Angalau ametazama chini.

Jumamosi, 11 Novemba. Idi

Tumeswali uwanjani, wanaume mbele, sisi nyuma. Nilisema sitatazama. Wakarukuu. Vichwa vyote vikashuka pamoja, mamia ya kofia, na kwenye safu ya tatu mkono wa kushoto nikaiona. Mstari wa wali. Wakainuka, ikainuka. Wakasujudu, ikapotea. Sijui niliswali nini. Mungu anisamehe.

Safari hii sikupiga kelele. Nilimshika Hadija mkono nikamwonyesha kwa kidevu. Alitazama kwa muda. Akasema, "Mama. Iko kweli."

Imamu alipotoa salamu, Hadija akamkimbilia Amuri.

Wamemkuta aliyeivaa. Anatoka upande wa Kampene, anauza mawese. Anaitwa Asumani. Alipoambiwa ni mke wa mwenye kofia anamwita, hakukimbia. Alikaa chini mbele za watu akalia. Nimeambiwa atakuja kesho asubuhi. Nimemwekea Baba Hadija sahani yake ya Idi kama kila mwaka, na mkono wangu ulijua ni ya mwisho.

Jumapili, 12 Novemba

Amekuja kichwa wazi, kofia mkononi. Alikaa kwenye mkeka uani, Amuri upande huu, mimi na Hadija upande ule. Kijana bado, lakini meno yake ya mbele yamekwisha. Alikamatwa kwa mambo ya mawe, madini. Walimfungia chumba kimoja na mume wangu, mbali, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuambiwa jina.

"Mama, mi si mwizi," njo alivyoanza. "Ni yeye njo alinivalisha."

Baba Hadija alikufa masika ya pili. Homa na kuhara. Asumani alimwosha kwa maji waliyopewa ya kunywa, akamswalia. Kabla ya kufa mume wangu alimvalisha kofia akamwambia aipeleke Kasuku kwa mke wake, fundi. Asumani alipoachiwa aliambiwa mdomo wake ukifunguka atarudishwa. Akaogopa. Mwezi uliopita amekuja na mawese, akauliza nyumba ya fundi, akafika mpaka kwenye ua mara mbili, akarudi. Alama za miguu yake ndizo tulizoziona.

Nikamuuliza neno moja tu. Nikamuuliza ile asubuhi kofia ilimbana vipi hata ikashindwa kutoka.

Akanitazama kama hajaelewa.

"Kushindwa? Mama, kofia ilitoka muzuri. Kule ndani alikuwa anaitoa kila siku, anaipangusa, anaivaa. Yeye njo alikatala. Aliishika na mikono mbili ili wasiitoe. Alikuwa anatuelezea na kucheka. Alisema: tai ya kizungu watu wa chama walisema toa, nikatoa. Suti walisema toa, nikatoa. Lakini hii bibi yangu njo aliifuma, aliimaliza asubuhi ile ile, sijaivaa hata siku moja muzima. Siitoi."

Hadija alijifunika uso kwa kanga. Amuri alitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nahesabu mizunguko ya kofia. Sijui kwa nini.

Asumani aliiweka mbele yangu akaondoka na kichwa kitupu, jua kali. Mlangoni nilimsimamisha nikachukua kipimo chake. Nimekitundika.

Jumatatu, 13 Novemba

Sikumwamini. Nilidhani ananionea huruma. Na kofia ikivaliwa miaka inaweza kujiachia, hata iliyokuwa imejikaza. Kwa hiyo nimeilowesha kutwa, nikaichemsha, nikaianika juani bila kuivalisha kitu. Kama uzi ni wa kujikaza utajikaza.

Jioni ilipokauka nilikwenda mlangoni. Nikashusha kipimo cha Baba Hadija kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kigumu kwa moshi, kimenata kwenye msumari. Nikakizungusha ndani ya kofia.

Sawasawa. Fundo kwenye mshono. Hakizidi, hakipungui.

Nilichemsha. Nililichemsha donge lile. Mikono yangu ilifanya kazi yake nami nikawa naitukana miaka mitatu.

Nilingoja furaha, haikuja. Imekuja hasira. Nimemkasirikia marehemu. Kofia! Kofia ningekufumia nyingine. Ningekufumia kumi. Uzi ulikuwepo, kopo zima, juu ya kabati, na wewe ulijua. Ungeivua ukarudi nyumbani ukanieleza, tungecheka, ningesema vizuri baba. Hadija angekuwa na baba wa kumwozesha, si baba mdogo. Uzi haukukosa. Mimi ndiye niliyeifuma ikapendwa kupita kiasi. Sasa hilo nitalichemshia maji gani?

Nimelia mpaka kichwa kikaacha kubana.

Kisha nikashusha kopo. Nimechoma ncha ya donge la pili: karatasi, jivu. Nimelivuta, halikatiki. Nimelitia kwenye sufuria na nimesimama nalitazama likichemka, kwa macho yangu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hadija alikuja akasimama karibu. Akachochea moto.

Jumanne, 14 Novemba

Nimekwenda kwa mwalimu wetu wa msikiti kuuliza eda yangu ianze lini, na kama nikahi isogezwe. Ni mzee, husema polepole. Aliuliza alikufa lini. Nikamwambia masika ya pili, zaidi ya mwaka. Akasema eda ya mjane inahesabiwa tangu mume alipokufa, si tangu mjane alipopata habari. Miezi minne na siku kumi.

"Eda yako ilishaisha, Mama. Iliisha mwaka jana."

Nimekuwa mjane na sikuwa na habari. Nilikuwa nafuma boneti. Nilikuwa napakua sahani yake ya Idi. Eda iliingia ikatoka nyumbani kwangu na hakuna aliyenipa pole.

Tumemsomea hitima alasiri. Wamekuja watu wengi kuliko nilivyodhani. Wengine waliogopa, wamekuja vivyo hivyo, wamekaa karibu na mlango. Omari alilia kuliko wote. Mama Amuri alikuja mapema, akajifunga kanga, akapika na wapishi wangu mpaka mwisho. Kuhusu kofia hakutia neno.

Alhamisi, 16 Novemba

Kofia ya Amuri imekwisha saa kumi jioni. Vitanzi vinane katikati, kisha nyota, kisha matundu madogo ya hewa. Kroshe haikulia hata mara moja. Huu njo uzi: unakaa kidoleni bila kuteleza wala kung'ang'ania. Nilikuwa nimesahau.

Nimeilowesha, nimeikausha, nimeipima. Fundo kwenye mshono.

Kipande cha donge kimebaki, kama yai la njiwa. Kofia ya Baba Hadija nimeiweka ndani ya kopo pamoja nacho.

Ijumaa, 17 Novemba

Nikahi imepita baada ya swala. Baba mdogo alimwozesha, sauti yake ikakwama kidogo mahali pa kutaja jina la kaka yake. Hadija amependeza. Mama Amuri aliigeuza kofia juani, akatazama ndani, akatazama nje. Akaibusu. Akasema kwa sauti wote wasikie kwamba sasa ndiyo amepewa mtoto wa kike.

Walipokuwa wanaondoka nilimwita Amuri pale mlangoni chini ya vipimo. Jumatatu atakuwa mbele ya bendera na watoto wake. Nikamwambia: "Wakikuambia toa, toa. Usifikiri mikono yangu. Uzi uko."

Kisha akaivua, akanionyesha, akaivaa tena. Kwa mkono mmoja.